Mfuko na mfukoni: mwaka jana tulipata ngapi?

(Hotuba ya mweka hazina kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa kikundi cha uwekezaji, Mtwara mjini. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi nilizoshika siku ile, pamoja na yale niliyoropoka nje ya karatasi.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu wanakikundi mliotoka Newala, Tandahimba na Masasi, na nyie wa hapahapa mjini mliochelewa kuliko waliotoka Newala. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja mmoja mmoja pilau itapoa.

Nimepewa nusu saa kusoma taarifa ya fedha. Taarifa yenyewe mnayo mkononi, karatasi moja, na wote mnajua kusoma. Kwa hiyo nusu saa yangu nitaitumia kuomba radhi.

Kwenye mkutano uliopita nilisimama hapahapa nikasema kikundi kimepata faida ya asilimia 65. Mlipiga makofi. Kuna mama alipiga vigelegele, simtaji, amekaa pale karibu na dirisha. Hesabu yangu ilikuwa hii: Januari mosi tulikuwa na milioni 20, tarehe 31 Desemba tukawa na milioni 33. Milioni 13 zimeongezeka juu ya 20, asilimia 65. Nimefundisha hesabu miaka 34, na sikuona kitu.

Mkono wa kwanza ukanyooka. "Mwalimu, kwenye hiyo 13 si kuna milioni 10 tulizochanga wenyewe Novemba, fedha za korosho?" Nikasema ndiyo. "Sasa kuchanga nako ni faida?" Watu wakacheka, nami nikacheka, ila masikio yalikuwa ya moto. Nikajirekebisha palepale: basi faida ni milioni 3. Tumechanga jumla milioni 30. Kila mmoja anapata asilimia 10 ya alichoweka. Nikadhani nimepona.

Ndipo Bibi wa safu ya mbele, yule anayebangua korosho na kuziuza kwa vipakiti stendi, akafungua pindo la kanga akatoa kidaftari. Kidaftari chenyewe kimefungwa kwa mpira, jalada limeliwa na mafuta ya korosho. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari: "Januari, laki tano." Akakifunga. "Mwanangu, laki tano yangu imelala humo tangu Januari. Mwenzangu kaleta laki tano yake Novemba, fedha bado inanukia magunia. Leo wote mnatupa elfu hamsini hamsini. Mbona ghalani hatufanyi hivyo?"

Sikuwa na jibu. Mwenyekiti akaokoa jahazi, akasema faida isigawanywe hadi hesabu itulie. Imechukua muda kutulia, na nilichokipata ndicho nitakachowaambia.

Ghalani mnakujua kuliko mimi. Korosho zinapimwa chama cha msingi, zinakwenda ghala kuu, halafu minada inaanza Oktoba, mmoja baada ya mwingine. Mzigo uliouzwa mnada wa kwanza unalipwa bei ya mnada wa kwanza. Mzigo wa jirani ukiuzwa mnada wa nne, analipwa bei ya mnada wa nne, iwe juu iwe chini. Hakuna anayekuja kuwaambia mchanganye bei za msimu mzima mgawane sawa kwa sawa, na akija atatoka mbio. Mimi mwalimu wenu ndivyo nilivyotaka kufanya na fedha zenu.

Sasa sikilizeni. Kwa mwaka uleule mmoja, kwa fedha zilezile, nimepiga hesabu kwa njia tano na nimepata majibu matano. Ile ya 65 tuizike, haina hata haki ya kuitwa njia. Asilimia 10 mmeiona. Ukichukua faida ya milioni 3 ukagawa kwa mtaji wa Januari peke yake, milioni 20, unapata 15. Hiyo nayo inadanganya, kwa kuwa inajifanya milioni 10 za Novemba hazikuwapo, wakati zilikuwapo na zilifanya kazi, tena kazi mbaya, kama mtakavyoona.

Njia ya nne inatokana na kazi ya Mmarekani mmoja, Peter Dietz, aliyeandika mwaka 1966 kuhusu kupima mifuko ya pensheni. Wazo lenyewe kila mwenye shamba analijua. Ukiwa na vibarua wa kupalilia, mmoja kapalilia siku kumi na mwingine siku mbili, huwalipi sawa kwa sababu wote walishika jembe. Unahesabu siku. Milioni 10 ya Novemba ilifanya kazi siku 61 kati ya 365, kwa hiyo kwa mwaka ule ilikuwa sawa na milioni 1.67 tu. Jumlisha na 20 ya Januari, mtaji uliofanya kazi kweli ni milioni 21.67. Gawa 3 kwa hiyo: asilimia 13.8. Unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. (Samahani kwa wastaafu wenzangu, najua kikokotoo cha mafao ya uzeeni kina maumivu yake. Namaanisha kile cha kujumlishia.)

Njia hiyo ina ndugu yake anayedai usahihi zaidi. Anauliza: ni riba gani moja ya mwaka ambayo ingeifanya 20 ya Januari na 10 ya Novemba zifike pamoja kwenye 33 siku ya mwisho wa mwaka? Hiyo haina fomula ya kuchomoa jibu moja kwa moja. Unakisia, unajaribu, unasogeza. Kwenye Excel kuna kitu kinaitwa XIRR kinakufanyia makisio yote kabla hujapepesa jicho. Jibu lake ni 13.9, karibu kabisa na la Dietz, ndiyo maana nawahesabu hao wawili kama njia moja. Mtahadhari kidogo tu: kikundi kinachoweka, kinatoa, halafu kinaweka tena, kinaweza kupata majibu mawili yote sahihi kwa hesabu hiyohiyo. Hapo usichague linalokufurahisha.

Njia ya tano ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nilirudi kwenye leja nikatafuta tulikuwa na kiasi gani tarehe 31 Oktoba, siku moja kabla ya michango ya korosho. Milioni 24. Yaani kati ya Januari na Oktoba, ile 20 ilikuwa imepanda kwa asilimia 20. Nyie wa Januari mlikuwa matajiri na hamkujua. Novemba mosi ikaingia 10, tukawa na 34. Tukanunua hisa zaidi kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, bei zikalegea, tukafunga mwaka na 33. Hasara ya karibu asilimia 3 kwa miezi miwili. Sasa unaukata mwaka pale fedha ilipoingia, unapima kila kipande peke yake, halafu unazidisha: 1.2 mara 0.9706, unapata 1.1647. Asilimia 16.5.

Ukubwa wa mchango hauna nafasi kwenye hesabu hiyo. Tungechanga milioni 1 au milioni 100 Novemba, mradi bei zilikwenda vilevile, jibu ni 16.5. Hiyo ndiyo faida ya Mfuko. Ile 13.9 ni faida ya mfukoni. Mfuko ulifanya vizuri, mifuko yetu ilifanya vizuri pia ila haikufika hapo, na tofauti kati yake imeletwa na sisi wenyewe: tuliingiza fedha nyingi wakati mbaya. Hakuna meneja wa kumlaumu, maana meneja ni sisi.

Wenzetu Marekani waligombana kuhusu hili zamani. Mwaka 1968 taasisi ya mabenki, Bank Administration Institute, ilitoa taarifa iliyosema meneja wa mfuko wa pensheni apimwe kwa njia hii ya kukata muda. Sababu yao ilikuwa ya haki: meneja hachagui siku ambayo mwajiri analeta michango. Akiletewa fedha nyingi kesho yake soko likaanguka, kosa si lake. Lakini mkulima wa Tandahimba anayeamua mwenyewe lini anunue vipande vya mfuko wa uwekezaji, yeye ndiye mwenye kosa lake na sifa zake. Apimwe kwa ile ya mfukoni.

Niwape mfano mkali zaidi, maana wetu wa mwaka jana ulikuwa mpole. Chukulieni mfuko ambao kipande kinauzwa shilingi 100. Mwaka unaisha kipo 130. Mwaka wa pili kinashuka hadi 117. Miaka miwili, kutoka 100 hadi 117, ni wastani wa asilimia 8.2 kwa mwaka. Mwenye mfuko atatangaza 8.2, na anasema kweli tupu.

Mkulima wetu aliweka milioni 1 siku ya kwanza, akapata vipande 10,000. Mwaka ukaisha vizuri, korosho nazo zikalipa, kila kijiwe kinazungumza vipande. Akaongeza milioni 9 na laki moja kwa bei ya 130, akapata vipande 70,000. Sasa ana 80,000. Bei imeshuka hadi 117. Vipande vyake vina thamani ya milioni 9 na laki tatu na sitini elfu. Mfukoni zimetoka milioni 10 na laki moja. Amepoteza laki saba na arobaini. Kwa njia ya mfukoni, fedha yake imepata hasara ya asilimia 6.7 kwa mwaka, ndani ya mfuko unaotangaza faida ya 8.2. Anakwenda nyumbani anasema kaibiwa. Hakuibiwa. Aliingia juu, na mzigo mzito.

Hili linatuhusu sisi wa kusini kuliko mtu yeyote. Mfanyakazi wa mshahara anakatwa kila mwezi kidogokidogo, mwezi wa bei juu na mwezi wa bei chini, kwa hiyo namba ya Mfuko na namba ya mfukoni kwake hazipishani sana. Sisi fedha inatufikia kwa mafungu. Kwa korosho ni kuanzia Oktoba, ndugu zetu wa Lindi wenye ufuta wanaipata katikati ya mwaka, na wote tunaingiza wiki zilezile, kwa mkupuo, tukiwa na furaha. Mnaokumbuka msimu wa 2018, bei ilipotangazwa shilingi 3,300 kwa kilo: wapo waliolipwa mapema, wapo waliosubiri sana. Bei moja, lakini fedha ya Desemba na fedha iliyofika wakati wa kuandaa mashamba hazikufanya kazi sawa. Muda umo ndani ya fedha, ukiutoa hesabu inabaki kopo tupu.

Kwa hiyo mtu akikuambia "mfuko huu ulipata 16", swali lako la kwanza liwe: kwa njia gani, na kuanzia lini? Na akikuambia wastani, kaa vizuri kwenye kiti. Korosho ikitoka 2,000 ikaenda 3,000, imepanda asilimia 50. Ikitoka 3,000 ikaja 1,500, imeshuka asilimia 50. Wastani wa kujumlisha ni sifuri, yaani hujapata hujapoteza. Haya, nenda dukani na 1,500 uliyobaki nayo ukanunue kilichouzwa 2,000. Faida za miaka tofauti huzidishwa, hazijumlishwi. Wapo wanaoujua ukweli huu vizuri na bado wanajumlisha, kwa sababu wastani wa kujumlisha kamwe hauwi chini ya ule wa kuzidisha.

Jingine dogo: kijana anapata asilimia 4 kwa miezi miwili anaandika "asilimia 26 kwa mwaka". Kihesabu haijakosewa, 1.04 sita ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe zinafika hapo. Lakini mwaka wake haujafika. Viwango vya kimataifa vya kutangaza matokeo ya uwekezaji, vile vinavyoitwa GIPS, vinakataza kabisa kukuza matokeo ya chini ya mwaka yaonekane ya mwaka. Na hizi namba zote nilizotaja bado hazijatolewa mfumuko wa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 3, ile 13.9 inabaki kama 10.6. Nalisema kwa haraka kwa sababu leo si siku yake.

Narudi kwa Bibi.

Jibu la swali lake lilikuwa kwenye simu za wengi wenu. Mliojiunga na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ule wa Umoja ulioanza 2005 na wengine waliofuata, mnajua kwamba hamnunui "sehemu ya faida". Mnanunua vipande kwa bei ya siku hiyo. Aliyeingia zamani ana vipande vingi kwa fedha ileile, aliyeingia juzi ana vichache, na kuanzia siku ile wote wanapanda na kushuka pamoja. Hakuna mabishano ya nani kaingia lini, bei imeshayamaliza.

Basi nimekifanya kikundi chetu hivyohivyo, kwa kurudi nyuma. Januari mosi nikaikata milioni 20 kuwa vipande 20,000, kila kimoja shilingi 1,000. Tarehe 31 Oktoba tulikuwa na milioni 24, kipande kimefika 1,200. Milioni 10 za Novemba zikanunua kwa 1,200, vipande 8,333 na kichele. Mwisho wa mwaka milioni 33 kugawa kwa vipande 28,333, kipande ni 1,164.7. Tazameni hiyo namba vizuri. Imepanda asilimia 16.5 kutoka 1,000. Ni ileile njia ya tano, imekuja yenyewe bila mtu kuiita.

Na sasa haki inaonekana kwa shilingi. Kwa mgawanyo wangu wa asilimia 10, wenzetu wa Novemba wangechukua milioni 11. Kwa vipande, wana milioni 9 na laki saba na sita elfu. Tofauti ni karibu milioni 1 na laki tatu, ambayo ningewachukulia wa Januari mchana kweupe, kwa makofi yao wenyewe. Nyie wa Novemba msinune. Hasara yenu ni ya miezi miwili, na vipande vyenu bado vipo.

Nimalizie na kiwanja chetu cha Mikindani, maana naona watu wanakitafuta kwenye karatasi. Hakimo. Njia ya vipande inataka ujue thamani ya kila kitu kila siku ambayo fedha inaingia au inatoka. Hisa zina bei sokoni, vipande vya mifuko bei yake inatangazwa, hatifungani, yaani karatasi za kuikopesha serikali au kampuni, zina shida kidogo lakini dalali anaweza kutupa bei. Kiwanja bei yake anaitaja nani? Mmoja wetu anasema milioni 8, mwingine anasema gesi ikichangamka ni 20. Tulioona viwanja vya Mtwara vilivyokimbia wakati wa bomba la gesi na vilivyokaa baadaye hatuhitaji kuelezwa. Nikikiweka kwa 20, kila anayeingia mwezi ujao ananunua ndoto kwa fedha taslimu. Nikikiweka kwa 8, anayetoka kesho anapunjwa. Pendekezo langu ni kiwe na leja yake, wenye kiwanja ni wale waliochangia kiwanja, na siku kitakapouzwa watagawana wao. Mwenyekiti, hilo lipigiwe kura, mimi ni mweka hazina tu.

Kuhusu wanaotoka: anayetaka fedha ya ada Januari atauza vipande vyake kwa bei ya siku ya mwisho wa mwezi. Bei nitaibandika ubaoni kila mwezi, na watu wawili nje ya mimi wataikagua kabla haijabandikwa. Baada ya ile 65, nadhani mnaelewa kwa nini naomba wakaguzi.

Meza yangu iko pale chini ya feni. Njooni na madaftari tulinganishe, mmoja mmoja, wazee kwanza. La Bibi nimeshalifanya, naomba nilisome kwa ruhusa yake: vipande 500, bei 1,164.7 na kichele, shilingi laki tano na themanini na mbili elfu, mia tatu hamsini na tatu. Ya mwenzake wa Novemba ni laki nne na themanini na tano elfu, mia mbili tisini na nne. Bibi kaniambia asubuhi kwamba kwake mimi nilikuwa nimeandika mia tatu hamsini na mbili. Ni kweli, nilikosea shilingi moja. Nimerekebisha.